Kipese: Chukudu ikilia mlimani, usikimbilie chupa ya mafuta

KIPESE (Lubero) – Katika milima ya Lubero chukudu husikika kabla ya kuonekana. Mti unalia juu ya chuma, mpira unakwaruza mpira, na mtu anayetembea mbele anasogea pembeni bila hata kugeuka. Kelele hiyo imekuwa ya kila siku na wengi hawaisikii tena. Wenye kuisikia wana dawa moja: chupa ya mafuta. Mawese, au mafuta machafu yaliyotolewa kwenye injini ya moto, au grisi kidogo kama mfuko unaruhusu. Wanamwaga, kelele inanyamaza, safari inaendelea.

Dawa hiyo inafaa kwa ugonjwa mmoja tu. Kelele ikitoka kwenye mhimili, yaani kile chuma au mti unaopita katikati ya gurudumu, mafuta ni sawa. Ikitoka kwenye freni, mafuta ni sumu. Chukudu itanyamaza kweli, lakini itanyamaza kwa sababu freni haishiki tena, na mwendeshaji atalijua hilo akiwa mteremkoni, na magunia matatu ya viazi mbele ya kifua chake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kelele inatoka wapi. Kazi hiyo haihitaji garaje wala pesa. Inahitaji dakika kumi, rafiki mmoja, kipande cha chaki na fimbo.

Lori ya mti

Kwa msomaji aliye mbali, pengine Bunia, Kampala au Ulaya, tukumbushe kidogo. Chukudu ni chombo cha mti chenye magurudumu mawili, usukani wa mti, na ubao mrefu wa kubebea mzigo. Haina injini na haina pedali. Kwenye mlima inasukumwa; kwenye mteremko mwendeshaji anapiga goti moja juu ya ubao na kuiachia ishuke kwa uzito wake. Ilianza kuonekana Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970, na leo iko Goma, Lubero, Butembo na Beni. Mjini Goma imejengewa hata sanamu yenye rangi ya dhahabu katikati ya njia panda.

Mafundi hutumia miti migumu, mikalitusi kwa mwili na aina nyingine ngumu kwa magurudumu. Gurudumu linavishwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye mpira wa gari uliokwisha na kupigiliwa misumari. Ndani ya gurudumu, mwenye uwezo anaweka beringi, ile ringi ya chuma yenye gololi ndani yake, mara nyingi iliyotolewa kwenye gari lililokufa. Asiye na uwezo anaacha mhimili uzunguke ndani ya tundu lenye grisi. Bei ya chukudu kubwa, kwa jinsi ilivyotajwa Goma kwa miaka mingi, ilikuwa kati ya dola 80 na 100. Kwa kijana wa mlimani hiyo si pesa ndogo. Ni mtaji.

Na mzigo wake tunaujua sisi sote tunaokula Butembo. Viazi, shu, karoti, vitunguu na maharage ya milima ya Lubero havingefika sokoni bila watu hawa. Malori yapo, lakini hayafiki kila shamba, na mvua ikinyesha siku mbili yanabaki yamezama kwenye matope. Vita vilipofika Kanyabayonga mwezi Juni 2024, biashara ya barabara ya taifa namba 2 upande wa kusini ilivurugika, na kila chombo kisichoomba petroli kilipata thamani zaidi. Chukudu haiombi petroli. Inaomba mgongo wa mtu wakati wa kupanda, na freni wakati wa kushuka.

Freni yenyewe ni kitu kidogo cha kushangaza. Ni kipande cha mpira wa gari, wakati mwingine kilichopigiliwa juu ya kibao, kinachokaa karibu na gurudumu la nyuma. Mwendeshaji anakikanyaga kwa mguu, kipande kinagusa gurudumu, na mwendo unapungua. Wengine hawana hata hicho, wanatumia sandali. Hakuna kingine. Kipande cha mpira kisichozidi ukubwa wa kiganja ndicho kinachosimama kati ya mzigo wa kilo mia tatu na watu walio chini ya mlima.

Moto unaokaa kwenye mpira

Tufanye hesabu, kwa sababu hesabu hii inaeleza mengine yote. Chukua chukudu yenye magunia matatu ya viazi, kila moja karibu kilo 100. Ongeza mwendeshaji na uzito wa chukudu yenyewe: tuko karibu kilo 400. Kila inaposhuka mita 100 kwenda chini (si mita 100 za barabara, bali za urefu wa mlima), nguvu inayopaswa kuzuiwa inatosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji. Milima ya Lubero hupita mita 2.000 mahali pengi, na Butembo iko kati ya mita 1.700 na 1.800 hivi. Anayeshuka mita 300 kwa jumla anabeba moto wa kuchemsha sufuria ya lita tatu na zaidi.

Sehemu ya moto huo inapotea kwenye mashimo ya barabara, kwenye upepo, na ndani ya mhimili. Sehemu kubwa inaingia kwenye freni. Na hapa chukudu ina udhaifu ambao gari halina. Gari linatumia chuma, na chuma kinameza moto na kuusambaza. Mti hausambazi moto. Ndiyo maana tunashika sufuria kwa mshikio wa mti. Kwa hiyo moto unakaa palepale juu ya mpira, pale unapogusana na mpira mwenzake. Mpira unalainika, unaanza kunuka, unatoa moshi, kisha unaacha utando unaoteleza. Freni iliyokuwa inashika vizuri mwanzoni mwa mteremko haishiki tena katikati yake.

Mwendo nao una hesabu yake, na hesabu hiyo ni kali. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuzuia inaongezeka mara nne. Anayeacha chukudu itoke kilometa 10 kwa saa hadi 20, akifikiri ataikamata baadaye, ameipa freni kazi mara nne. Kwa kilometa 30 kwa saa, kila sekunde moja ya kushtuka inapita zaidi ya mita nane za barabara kabla hata mguu haujagusa mpira.

Kusikiliza kelele

Sasa turudi kwenye kelele. Swali la kwanza ambalo fundi yeyote anauliza, awe wa chukudu, wa gari au wa trela, ni hili: inalia lini? Inalia wakati gurudumu linazunguka, wakati unakanyaga freni, au wakati unapita juu ya shimo? Nyakati hizo tatu zinaonyesha mahali patatu tofauti.

Anza na chukudu tupu mahali tambarare. Chora alama ya chaki kwenye gurudumu la nyuma na nyingine kwenye la mbele, kisha isukume polepole huku rafiki akitazama alama. Kelele ikija mara moja kwa kila mzunguko, na daima alama ikiwa mahali palepale, kuna kitu kwenye gurudumu lenyewe: kichwa cha msumari kimechomoza, ukanda wa mpira umeinuka, au gurudumu limekwisha upande mmoja na si la mviringo tena. Hapo mafuta hayasaidii kitu. Ni nyundo inayotakiwa, au fundi.

Kelele ikija mara nyingi ndani ya mzunguko mmoja, bila mpango, kama mtu anayetafuna mchanga, shaka iko kwenye beringi. Inua upande huo, zungusha gurudumu kwa mkono, polepole. Chukua fimbo kavu, weka ncha moja karibu na mhimili, mahali pasipozunguka, na ncha ya pili kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Mafundi wa magari hufanya hivyo kwa bisibisi ndefu. Fimbo inaleta sauti ya ndani kama vile sikio limewekwa palepale. Gololi nzima inatoa mvumo laini. Gololi iliyopasuka inagonga. Kisha shika gurudumu juu na chini na ulitikise. Likicheza, beringi imekwisha au tundu limepanuka. Beringi iliyokwisha ikimwagiwa mafuta itatulia siku moja au mbili, lakini gololi iliyopasuka haishonwi na mawese. Siku itakapokwama, gurudumu litasimama ghafla au litatoka.

Kuna kelele inayokuja tu wakati chukudu ina mzigo. Tupu inanyamaza, ukiweka gunia la pili inaanza. Hapo mti unajikunja na kitu kinagusa kitu: gurudumu linakwaruza mwili wa chukudu, au mhimili umepinda. Tafuta mahali palipong'aa au palipochubuka. Alama ipo daima, ukitazama vizuri.

Kelele inayokuja wakati wa kukata kona inatoka kwenye usukani, pale mti wa mbele unapozunguka ndani ya tundu lake. Hapo grisi inaruhusiwa, na ingefaa kila wiki. Lakini ukisikia mlio wa mti unaopasuka, ule mfupi na mkavu, usiweke chochote. Shusha mzigo kwanza.

Majira nayo yanabadilisha mambo. Wakati wa kiangazi mti unakauka na kusinyaa, misumari inalegea, na chukudu nzima inalia kama kitanda cha zamani. Kelele hiyo haifuati mzunguko wa gurudumu, inafuata mashimo. Kaza, piga kabari, na imekwisha. Wakati wa mvua mti unavimba, maji yanaosha grisi, matope yanaingia kwenye mhimili pamoja na mchanga. Kumwaga mafuta juu ya mchanga ni kutengeneza jiwe la kunolea: mhimili unakula tundu lake mwenyewe. Safisha kwanza kwa kitambaa, toa grisi ya zamani yote, ndipo uweke mpya. Kidogo tu. Ile inayobaki nje haisaidii mhimili, inasubiri tu kuteremka kwenye freni.

Freni inapolia, na inapokaa kimya

Kelele ya freni ni tofauti na zote hizi kwa sababu inakuja pale tu unapokanyaga. Na watu wengi wanaiogopa kwa sababu isiyo sahihi.

Mpira unapolia juu ya mpira, maana yake unashika na kuachia, unashika na kuachia, mara nyingi sana ndani ya sekunde moja. Ni kama mguu wa meza unaokokotwa juu ya saruji. Mlio huo unaudhi, lakini unasema freni bado inashika. Inaweza kuwa na vumbi, inaweza kuwa imekaa upande, kipande kinagusa kwa ukingo badala ya kwa upana wake wote. Nyoosha, futa, kata ukingo uliochakaa kwa kisu.

Mlio wa chuma ni kitu kingine kabisa. Ukikanyaga na kusikia mkwaruzo mkali, mkavu, kama panga kwenye jiwe, mpira umekwisha na misumari ndiyo inayogusa. Misumari haizuii, inachana ukanda wa gurudumu. Safari inapaswa kuishia hapo hadi kipande kibadilishwe, hata kama soko linafunguliwa saa moja.

Lakini sauti inayopaswa kuogopwa kuliko zote ni ukimya. Unakanyaga, mguu unasukuma, hakuna mlio, na mwendo haupungui. Mpira umelowa maji, au umepata utando wa moto, au una mafuta. Maji yanakauka ukikanyaga mara kadhaa kabla ya mteremko. Utando unaondolewa kwa kukwaruza na jiwe au msasa mpaka mpira mweusi usiong'aa uonekane tena. Mafuta hayaondoki kwa urahisi hivyo. Yanaingia ndani ya mpira, na moto wa freni unayaleta tena juu kila unapokanyaga. Kipande kilicholowa mafuta kinatupwa, na ukanda wa gurudumu unasuguliwa kwa sabuni na majivu. Kipande kipya kinapatikana kwenye mpira wowote wa gari uliotupwa. Hakuna freni ya bei nafuu kuliko hii duniani, na ndiyo maana inashangaza kuona inavyocheleweshwa.

Kuna jaribio moja la kufanya kabla ya kuondoka, na halichukui hata dakika. Chukudu ikiwa imekwisha kupakiwa, ipeleke kwenye mteremko mdogo, usio na watu, ukiwa umesimama kando yake na si juu yake. Kanyaga freni. Kama haiwezi kuisimamisha chukudu palepale, haitaisimamisha ikiwa na mwendo. Hapo ndipo gunia moja linapaswa kushuka.

Namna ya kupakia nayo inaingia kwenye freni, jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Freni iko nyuma. Chukudu ikishuka, uzito unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, na gurudumu jepesi likizuiwa linateleza tu juu ya changarawe. Magunia yaliyorundikwa mbele karibu na usukani yanapunguza nguvu ya freni hata kama mpira wake ni mpya. Mzigo mzito uwekwe chini na kuelekea nyuma, ilimradi usukani usielee. Kamba ikazwe tena baada ya mita mia za kwanza, kwa sababu gunia la viazi hujipanga upya likitikiswa.

Na katika mteremko mrefu, kusimama. Si kupunguza tu. Kusimama kabisa, kuweka jiwe chini ya gurudumu, na kusubiri mpira upoe. Nusu ya mlima, dakika tano. Pua inasaidia: harufu ya mpira ulioungua ni ishara kwamba muda wa kusimama umepita tayari.

Trela ya Kasindi ina ugonjwa uleule

Ukiitazama vizuri, chukudu ni trela iliyopoteza lori lake: mzigo juu ya magurudumu, bila injini ya kuuvuta wala kuuzuia. Ndiyo maana maswali yale yale yanafaa kwa trela za kweli, zile zinazoingia kwa Kasindi zikitoka Mombasa na Kampala, kisha kupita Beni na kupanda Butembo. Tofauti ni uzito. Trela yenye kontena inabeba tani kumi na kadhaa, na zaidi.

Ndani ya gurudumu la trela kuna ngoma ya chuma, na ndani ya ngoma kuna viatu viwili vyenye vibao vya freni vilivyofungwa kwa ribiti. Hewa iliyobanwa na injini ya lori inasukuma viatu viguse ngoma. Kelele zake zinasomwa kama za chukudu. Trela inayolia kwenye mashimo tu, bila kujali freni, inalalamika kwa ajili ya springi na pini zake. Hapo grisi ni halali. Inayolia wakati wa kukanyaga tu ina vibao vilivyokwisha, vilivyogeuka vigumu kwa moto, au vyenye jiwe ndani. Mkwaruzo wa chuma ni ribiti juu ya ngoma. Mlio unaofuata mzunguko wakati hukanyagi, kisha unakoma ukikanyaga, unasema kiatu hakirudi mahali pake. Na sauti ya fssss isiyokoma ni hewa inayovuja.

Dereva ana kipimo kizuri ambacho mwendeshaji wa chukudu hana: joto. Ukisimama baada ya mteremko, zunguka trela na upitishe mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu lenye moto kuliko wenzake linaburuta freni, au beringi yake inakufa. Wengi wanalijua hilo. Wachache wanajiuliza kuhusu gurudumu baridi. Kama matano yana joto na moja ni baridi, lile baridi halikufunga freni kabisa, na matano yamefanya kazi ya sita.

Trela nyingi za leo zina springi inayofunga gurudumu hewa ikiisha, ili trela isikimbie peke yake. Ni ulinzi mzuri, na mahali pengi duniani ndio unaofungwa kwanza na dereva aliyechoka na trela inayokwama njiani kwa sababu ya hewa kuvuja. Anaziba mpira wa hewa, anafungua springi, anaendelea kwa freni za lori peke yake. Trela inakuwa kimya na nyepesi kuvuta. Ni chupa ile ile ya mafuta, kwa umbo lingine. Mlimani trela inasukuma lori kutoka nyuma, freni za lori zinachemka, ngoma inapanuka kwa joto na kujitenga na vibao, na pedali inaenda chini bila kitu. Ndiyo sababu wazee wa barabara wanashuka kwa vitesi ile ile ambayo wangepandia, na kuacha injini izuie. Mwendeshaji wa chukudu hana injini hiyo. Ana kusimama tu.

Barabara ya Beni hadi Kasindi na ile ya Beni hadi Butembo ziliingia katika mpango wa lami uliofanywa pamoja na Uganda tangu mwaka 2021, kilometa 80 upande mmoja na 54 upande mwingine. Lami ni habari njema, hakuna anayebisha. Lakini lami inaondoa mashimo, na mashimo yalikuwa yanafanya kazi ya freni bila kulipwa. Chombo kilichokuwa kinashuka kwa kilometa 15 kwa saa kitashuka kwa 40. Atakayeshuka lami kwa freni ya barabara ya udongo atajikuta na hesabu ile ya mara nne.

Nani analipa kipande cha mpira?

Chukudu haipiti kontroli teknike. Hakuna ofisi inayoangalia freni yake asubuhi, na sidhani kama ofisi ndiyo itakayomaliza jambo hili. Waendesha chukudu wana vyama vyao katika miji, na wana mafundi wanaojua kila tundu la kila mti. Ujuzi haukosekani.

Kinachokosekana ni muda, na muda una mwenyewe. Mwenye viazi anataka vifike kabla ya bei kushuka. Anamlipa mwendeshaji kwa mzigo uliofika, si kwa safari iliyokwenda salama. Kila gunia la ziada ni franka za ziada, kila dakika ya kupoza mpira ni hasara. Katika mpango huo kijana anayesimama katikati ya mlima anaonekana mvivu, na anayeshusha gunia la nne anaonekana dhaifu. Mimi naona mwenye mzigo ndiye wa kwanza kuulizwa. Anauliza kama kamba ni nzima kwa sababu gunia likianguka ni lake. Aulize na freni. Aone kipande cha mpira kwa macho, akishike kwa mkono, aone kama kinateleza.

Anayetembea ukingoni mwa barabara hana nafasi ya kuuliza. Mama mwenye mzigo wa kuni mgongoni, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, hawezi kuruka kwenye mtaro ndani ya sekunde moja. Watoto wanaotoka shule wanatembea watatu watatu, wakizungumza. Wamezoea kusikia chukudu inayolia na kusogea. Ile iliyonyamazishwa kwa mafuta hawataisikia, na aliye juu yake hataweza kuizuia.

Kwa wanaoondoka kesho alfajiri: alama ya chaki, fimbo kwenye sikio, kutikisa gurudumu juu na chini, kukanyaga freni kwenye mteremko mdogo. Mafuta yaende kwenye mhimili na usukani, kwa kitambaa na si kwa kumwaga. Na anayebeba chupa ya mawese njiani abebe pia kipande kimoja cha mpira wa akiba na misumari sita, kwa kuwa vyote kwa pamoja havifiki uzito wa viazi vitano.